Uzee si Jibu

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Methali hii aghalabu hutolewa ili kumkanya mtu amchekaye kiwete au kipofu, akumbuke ya kuwa hajui kesho yake. Lakini ndani ya onyo hilo mna hesabu vilevile. Methali yasema kuwa umbo la mwanadamu halimaliziki siku ya kuzaliwa kwake. Kila mwaka aongezewao ni mwaka mwingine wa kupatwa na jambo jichoni, sikioni, mguuni au akilini. Waliosema hivyo hawakuwa na karani wa sensa wala mashine ya kuhesabia, na juu ya hayo walifika mahali ambapo wataalamu wa takwimu walifika baada yao. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ugawaji wa msaada siku hizi hufanywa kana kwamba wahenga walisema kinyume: kwamba mtu huumbika utotoni, na lolote limpatalo baadaye haliitwi ulemavu, huitwa uzee.

Mahali pa kuitazama kasoro hii kwa karibu ni Kibaha na Kisarawe, sehemu mbili za Mkoa wa Pwani zinazopakana. Kibaha imekaa juu ya barabara kuu iendayo Morogoro, nayo ndiyo makao makuu ya mkoa. Hapo mwaka 1963, kwa msaada wa nchi za kaskazini ya Ulaya, ulianzishwa mradi uliokuja kuwa Shirika la Elimu Kibaha, kwa nia ya kupigana na maadui watatu wa taifa jipya: ujinga, maradhi na umaskini. Kisarawe iko nyuma ya vilima vya Pugu, nchi ya mikorosho na mihogo, karibu na Dar es Salaam kiasi cha kwamba kijana apatapo nauli asubuhi huweza kuwa mjini kabla ya adhuhuri. Sehemu hizi zina shule, hospitali, zahanati, kamati na maafisa. Hazikosi huruma wala sheria. Kinachokosekana ni swali moja sahili pale msaada unapogawanywa: mwenye kuuhitaji ana umri gani?

Swali hilo si la udadisi. Uchunguzi wa ulemavu uliofanywa Tanzania mwaka 2008 uliona kuwa katika kila watu mia wa umri wa miaka 7 na zaidi, 7.8 walikuwa na ulemavu. Sensa ya mwaka 2012 ilipata 9.3, na sensa ya mwaka 2022 ikapata 11.2. Hesabu ya kwanza ilikuwa ya sampuli na mbili za baadaye zilikuwa za sensa. Kwa hiyo mtu mwenye insafu hatazipanga kama vidato vya ngazi, akasema taifa linazidi kupofuka mwaka hata mwaka. Lakini wastani mmoja wa nchi nzima una hila yake. Huwatia babu na mjukuu katika chungu kimoja, kisha humwonjesha msomaji mchuzi tu.

Ripoti ya dunia juu ya ulemavu, iliyotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Benki ya Dunia, ilivitenga vilivyomo chunguni. Kutokana na uchunguzi wa nchi 59 uliofanywa kati ya mwaka 2002 na 2004, ilionekana kuwa katika nchi zenye kipato kidogo watu wenye ulemavu wa miaka 18 hadi 49 walikuwa 10.4 katika kila mia. Wa miaka 50 hadi 59 walikuwa 23.4, na wa miaka 60 na zaidi walikuwa 43.4. Katika nchi zenye kipato kikubwa hesabu ya hao wa miaka 60 na zaidi ilikuwa 29.5. Mambo mawili yaonekana hapo. La kwanza ni kuwa katika nchi maskini mzee ana hatari ya ulemavu mara nne ya kijana. La pili lina uzito zaidi: pengo lililo kati ya 43.4 na 29.5 haliwezi kuelezwa kwa uzee peke yake, kwa sababu mvi huota kwa tajiri kama ziotavyo kwa maskini. Pengo hilo limechimbwa na umaskini, kazi ngumu na matibabu yaliyochelewa. Basi mtu asemaye kuwa kilema cha mzee ni uzee tu huwa amechukua deni la jamii na kuliandika katika jina la maumbile.

Anayetaka kuelewa deni hilo na atazame jinsi kilema kinavyoingia mwilini katika umri mbalimbali. Utotoni huingia kwa uzazi mgumu au kwa homa iliyopanda ubongoni. Ujanani huingia kwa barabara. Hospitali ya Tumbi, Kibaha, iko jirani na barabara ya Morogoro, na pikipiki za abiria zimeongeza idadi ya vijana wanaovunjika miguu wakiwa katika kutafuta riziki. Katika umri mkubwa huingia kwa milango mingi kwa pamoja: mtoto wa jicho, uziwi, maumivu ya viungo, kisukari, na shinikizo la damu ambalo halikupimwa hadi lilipoleta kiharusi. Na pwani ina mlango wake mwingine wa zamani, nao ni matende na mabusha. Minyoo ya ugonjwa huu huletwa na mbu, na mara nyingi mtu huambukizwa tangu utotoni. Lakini mguu huvimba baada ya miaka mingi, mtu akiwa mzima au mzee. Kibaha ndipo kilipofunguliwa mwaka 2015 kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, kwa ushirikiano na Cuba. Dawa hiyo huweza kumkinga mtoto wa leo. Haiwezi kuupunguza mguu wa bibi ambaye mbu alimwuma zamani. Yeye ahitaji sabuni, maji, mafunzo ya kuutunza mguu na kiatu kinachomwenea. Na haja hiyo ni haja ya ulemavu, hata kama mwenyewe ana wajukuu kumi.

Zaidi ya hayo, kilema cha utotoni hakibaki utotoni. Aliyepooza mguu kwa polio akiwa mdogo naye huzeeka. Gongo lililomtosha akiwa na miaka ishirini, mabega yakiwa na nguvu, halimtoshi akiwa na miaka sitini na mitano. Hata hivyo mpango unaomwona shuleni humsahau shambani, kana kwamba alipomaliza darasa la mwisho alimaliza na ulemavu wake.

Katika jambo hili lugha imetumiwa vibaya. Mzee ni jina la heshima; mtu huitwa mzee hata kabla mvi hazijamtoka, ikiwa ana cheo au busara. Lakini jina hilo la heshima limegeuzwa kuwa pazia. Mtu akiulizwa nyumbani kwao, "Babu ana nini?" hujibiwa, "Hana kitu, ni uzee tu." Katika jibu hilo neno dogo kabisa ndilo lenye madhara makubwa kabisa. Hilo "tu" hufunga shauri. Humwambia mwulizaji asiulize tena, humwambia afisa asiandike, na humwambia mzee mwenyewe asidai. Jicho la kijana likiingia ukungu huitwa ugonjwa, na nauli ya hospitali hutafutwa hata kwa kukopa. Jicho la mzee likiingia ukungu ule ule huitwa umri, na kinachotafutwa ni mtoto wa kumshika mkono.

Wala lugha yenyewe si ya kulaumiwa. Mtu aliyesoma sarufi ajua kuwa kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yamo katika ngeli moja kwa umbo, na kikongwe na kizee yamo humo humo. Kijana naye yumo, na kiongozi yumo. Wote wana umbo moja, na wote hupewa upatanisho wa mtu: kipofu amekuja, kikongwe amekuja, kiongozi amekuja. Lugha iliwakalisha wote katika baraza moja na kuwapa utu mmoja. Ni daftari za ofisi zilizowatenganisha.

Utengano huo una historia. Azimio la Arusha la Februari 1967, lilipoeleza kuwa kila mtu sharti aishi kwa kazi yake, liliwataja pamoja wale ambao haki yao ni kutegemea jamaa: watoto wadogo, wazee wasiojiweza na vilema. Walitajwa kwa pumzi moja. Baadaye sheria mbili za mwaka 1982 zilihusu watu wenye ulemavu, moja kwa ajira na nyingine kwa matunzo. Sheria ya ajira iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 na zaidi wawe na watu wenye ulemavu 2 katika kila mia; Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikaliongeza sharti hilo kuwa 3 katika kila mia kwa waajiri wenye wafanyakazi 20 na zaidi. Hizi ni sheria za kusifiwa. Lakini namba inayojulikana na kukumbukwa katika sheria hizo ni namba ya ajira, nayo haina maana kwa mtu ambaye umri wa kuajiriwa umekwisha kumpita.

Kisha ofisi zenyewe zikagawanywa. Mwaka 2015 mambo ya watu wenye ulemavu yaliwekwa katika Ofisi ya Waziri Mkuu, pamoja na kazi, ajira na vijana. Mwaka 2022 mambo ya wazee yakawekwa katika wizara ya maendeleo ya jamii, jinsia, wanawake na makundi maalumu. Mgawanyo wa kazi si dhambi. Serikali haiwezi kutenda yote kwa mkono mmoja. Lakini na aulizwe mtu yeyote mwenye akili: bibi wa miaka 75 wa kijiji cha Kisarawe, asiyeona na asiyeweza kusimama bila kushikwa, ni wa ofisi gani? Kwa wale wa ulemavu amechelewa, maana ulemavu uliwekwa meza moja na ujana na ajira. Kwa wale wa wazee yeye ni mzee kama wazee wengine, na ulemavu wake ni sehemu ya uzee. Kila mlango waweza kumwonyesha mlango wa pili kwa adabu kubwa, naye akabaki uani.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni wa mikopo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 halmashauri ziliwajibishwa kutenga 10 katika kila mia ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wako watu wenye ulemavu waliofungua kazi za ufundi na biashara kwa fedha za namna hiyo, na hapana wa kuwaonea kijicho. Lakini mkopo hurudishwa. Mkopo ni msaada wa mtu mwenye nguvu aliyekosa mtaji. Mzee aliyepatwa na kiharusi hakukosa mtaji. Alikosa upande mmoja wa mwili. Kumwambia ajiunge na kikundi ili akope ni kumpa kiu jina la kisima.

Husemwa kuwa nchi ni maskini na haiwezi kumtunza kila mzee. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama jambo lenyewe lisingalijaribiwa, tena Kibaha kwenyewe. Januari 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza kulipa ruzuku kwa kaya maskini kwa majaribio katika wilaya tatu: Kibaha, Bagamoyo na Chamwino. Kisarawe haikuwamo. Katika majaribio hayo mzee wa miaka 60 na zaidi alikuwa na fungu lake kwa jina la uzee wake. Mtoto alihesabiwa thamani ya dola 3 za Marekani kwa mwezi, na mzee dola 6. Sharti la mtoto lilikuwa kliniki au shule. Sharti la mzee lilikuwa kwenda kupimwa afya angalau mara moja kwa mwaka. Hapo ndipo penye hekima: fedha kidogo ilimtoa mzee nyumbani ikamfikisha mbele ya mganga, mahali ambapo neno "uzee tu" huweza kugeuka kuwa mtoto wa jicho, au shinikizo la damu, au kisukari, kila kimoja kwa jina lake na dawa yake. Uchunguzi uliofanywa juu ya majaribio hayo ulionyesha kuwa kaya zilizokuwamo zilizidi kujiunga na bima ya afya na kuongeza mifugo. Hawakuinywa fedha, waliipanda.

Lakini mpango ulipopanuliwa kuifikia nchi nzima, kuanzia mwaka 2013, mafungu yenye masharti yalifungwa katika mtoto, kliniki yake na shule yake. Fungu la mzee kwa jina lake halikuvuka. Katika awamu iliyozinduliwa Februari 2020 kaya yenye mtu mwenye ulemavu iliwekewa nyongeza yake, na hilo ni jema. Ila faida yake kwa mzee yategemea kuandikwa kwake kuwa ana ulemavu, na hapo lile "tu" humngoja mlangoni. Wakati huohuo majirani walipita njia nyingine. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi pensheni ya jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nayo ilianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Hazina ya Zanzibar haikuwa na mgodi wa siri. Tofauti ilikuwa ya nia.

Husemwa pia kuwa mtoto ana maisha marefu mbele yake, na shilingi iliyowekwa kwake huzaa zaidi. Hapana mtu mwema atakayetaka mtoto asiyesikia anyang'anywe mwalimu wake ili mzee apate fimbo. Lakini hoja hii husahau ni nani amshikaye mzee mkono. Bibi aliyepofuka hupewa mjukuu wa kumwongoza, na mjukuu huyo mara nyingi ni msichana, na saa za kumwongoza bibi hutolewa katika saa za shule. Mtoto wa jicho huondolewa kwa operesheni fupi, na mwenye kufanyiwa aghalabu huona. Siku bibi aonapo, watu wawili wamefunguliwa kwa kisu kimoja. Mwenye kumpinganisha mzee na mtoto hajaingia ndani ya nyumba ambamo wawili hao hula sahani moja.

Husemwa tena kuwa Mwafrika hutunzwa na wanawe, na kuingiza serikali katika jambo hilo ni kuua mila. Mila hiyo ilikuwa na masharti yake, na sharti la kwanza lilikuwa kwamba wana wawepo. Vijana wengi wa Kisarawe wako Dar es Salaam, wakipanga chumba na kuuza vitu njiani. Wengi hawana cha kutuma, na walio nacho hutuma fedha, hawatumi mikono. Fedha haimwogeshi mtu, wala haimpeleki msalani usiku. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, alieleza kuwa mzee aliyeonekana amekaa bila kazi katika jamii ya kale alikuwa amekwisha kufanya kazi kwa bidii katika ujana wake. Matunzo yake hayakuwa sadaka, yalikuwa malipo. Wazee wa leo walipanda mikorosho, walijenga shule kwa kujitolea, walilima pamba na mihogo. Deni lao halikufutwa kwa sababu mdaiwa amehamia mjini.

Tena iko hila moja ya hesabu ambayo wanafunzi wa vyuo wapaswa kuichunga. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012; mwaka 2022 walifika 2,024,947. Ongezeko kubwa namna hii haliletwi na uzazi peke yake. Limeletwa pia na wahamiaji, na wanaohama kutafuta kazi na viwanja huwa watu wenye nguvu. Matokeo yake ni kuwa sehemu ya wazee katika kila mia yaweza kuonekana ndogo, ingawa hapana mzee hata mmoja aliyeponywa. Katika taifa zima watu wa miaka 60 na zaidi hawakufika 6 katika kila mia katika sensa za 2012 na 2022, na kwa hiyo watu wenye ulemavu walio chini ya umri huo ni wengi, nao wana haki zao. Lakini haki haipimwi kwa wingi wa vichwa tu. Hupimwa pia kwa kina cha haja. Na mtu mmoja mwenye vilema vitatu, asiyeona, asiyesikia na asiyetembea, si theluthi ya hoja kwa sababu ni mmoja.

Yatakiwayo si makubwa. Daftari la kila kijiji na kila mtaa wa Kibaha na Kisarawe na liandike umri kando ya aina ya ulemavu, na lisikubali neno uzee liandikwe mahali pa sababu. Maswali sita yanayojulikana na wahesabuji wa dunia, juu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana na watu, na aulizwe mzee mwenyewe, asijibiwe na mkwewe. Afisa wa wazee na afisa wa watu wenye ulemavu na wakae juu ya orodha moja. Fungu la mzee lililojaribiwa Kibaha mwaka 2010 na lirudishwe, na safari hii livuke mpaka liingie Kisarawe. Na kwa kuwa madirisha ya wazee yamefunguliwa hospitalini, mtu na atumwe upande wa pili wa dirisha, vijijini, kwa sababu dirisha humfaa aliyekwisha kufika, na asiyeweza kutembea hafiki.

Wanafunzi wa leo, wasomao takwimu na lugha, ndio watakaoshika daftari hizo kesho. Watakapofika katika nyumba ya mwisho ya kijiji na kuambiwa kuwa yule aliyelala ndani hana kitu, ni uzee tu, wajibu wao utakuwa mwepesi kusema na mzito kutenda: waingie ndani, waulize tena, na waandike watakachokiona.